Alama za Vidole Kwenye Ganda

Kwa miaka thelathini alifua mashuka ya hospitali, na hata baada ya kustaafu mtaa uliendelea kumwita Dobi. Hakuna doa lililomshinda, na hakuna aliyewahi kumkamata kwa uongo. Uani alifuga kuku sita wa mayai ya kuuza: watano wekundu waliotaga mayai ya kahawia, na mmoja mweupe aliyetaga meupe. Watu walisema yai jeupe ni maji matupu. Dobi alijua ni porojo, kwamba rangi ya ganda hufuata mbegu ya kuku na ndani hakuna tofauti. Alijua, akanyamaza.

Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alipopasuliwa tumbo, alitaka yai moja kila asubuhi. “La kahawia, wifi. Hilo jeupe mpe paka.”

Wiki hiyohiyo kuku wekundu wakaanza kunyonyoka manyoya, wakaacha kutaga. Dobi akachemsha majani ya chai yakakolea, akatia siki, akalichovya yai jeupe akilishika kwa vidole viwili. Palipokuwa na vidole pakabaki mabaka mawili meupe. Wifi akala, akasifu, na Dobi akafanya hivyo kila asubuhi. Huo ulikuwa uongo, wala usitafutiwe jina la upole.

Wiki tatu baadaye, asubuhi moja, Dobi alitia mkono chini ya kuku mweupe akatoa yai la moto. Lilikuwa la kahawia, na lilikuwa na mabaka mawili meupe. Chai ilikuwa haijachemshwa. Aliweka kidole gumba na cha shahada juu ya mabaka, vikaenea sawasawa.

Alilisugua kwa sabuni, kisha kwa dawa ya madoa. Rangi haikutoka. Kuku alisimama bandani akimtazama kwa jicho moja.

Kesho yake yai jipya lilikuwa na mabaka matatu. Siku ya nne, matano. Dobi akalifunga yai hilo kwenye leso, akaenda kwa wifi yake.

“Wifi, mayai yote niliyokuletea yalikuwa meupe. Niliyatia rangi ya chai.”

Wifi alicheka taratibu, ameshikilia mshono. “Nami najisifu damu imerudi. Kumbe ni majani ya chai.”

“Hili sikulitia rangi. Limetagwa hivi.”

Wifi aliligeuza yai, kisha akauchukua mkono wa Dobi na kuulaza juu yake. Vidole vyote vilienea, hata kile cha mwisho kilichopindishwa na mashine ya kukamulia mashuka. Kicheko kikakatika.

“Ungeniambia ni jeupe ningenung’unika, kisha ningelila,” alisema. “Miaka yote nimekula kwako bila kuuliza. Kuanzia leo nitauliza.”

Asubuhi iliyofuata, kuku alitaga yai jeupe, safi. Dobi akalipeleka.

“Rangi gani?” wifi aliuliza, bila kuinua kichwa.

“Jeupe.”

“Liweke hapo.”

Aliliweka kwenye sahani, ndipo akaona ncha za vidole vyake vitano zimekuwa za kahawia, rangi ya chai iliyokolea. Alizisugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa dawa, hadi ngozi ikachubuka. Ngozi mpya ilipoota, iliota na rangi ileile.

Mpaka leo anauza mayai, ya kahawia na meupe, kila moja kwa jina lake. Wanunuzi huutazama mkono wake kwanza, kisha yai, kisha huuliza.