Tulikula Sahani Moja

Alhamisi mke wangu alirudi kutoka soko la Otonglo bila nyama aliyoifuata. Duka limefungwa, akaniambia, na mwenye duka amezikwa leo mchana. Akakaa jikoni, kikapu bado mkononi. Niliuliza aliugua nini, maana nilijiandaa kusikia habari za hospitali na michango, kama tulivyozoea siku hizi. Hakuugua kitu. Aliswali alfajiri, akaomba chai, akajilaza kuingoja, na ilipofika alikuwa amekwisha kwenda. Nitawaambia ukweli, wasomaji wangu: baada ya machozi, nilishusha pumzi. Mtu mwema ameondoka kwa wema, na katika mji wetu huu wa Kisumu si kila mwaka unaona hivyo.

Wengi hapa walimjua kama mwuza nyama. Mimi nilimjua kama mchinjaji. Ninyi mlioishi kando ya ziwa hili mnajua tofauti yake. Sherehe ikiwa na wageni Waislamu, hata kama nyumba nzima ni ya Kikristo, huitwa Mwislamu aje achinje, alitaje jina la Mungu kama dini yake inavyotaka, ili watu wote wale sahani moja. Marehemu aliitwa harusini, matangani, mpaka kwa mabwana wakubwa wa Milimani waliotuma gari kumchukua. Alizaliwa hapa hapa mjini, akaongea Dholuo kushinda sisi Wajaluo wenyewe, na alikuwa na kisu kimoja alichokifunga kwa kitambaa cheupe.

Katikati ya miaka ya themanini nilikuwa natafuta kuoa. Mimi ni Mkristo wa upande wa baba, lakini mama yangu alizaliwa katika nyumba ya Kiislamu, na wajomba zangu wote wanaswali. Msichana niliyempenda alikuwa wa Port Victoria, binti wa mzee wa kanisa, mtu mrefu, mkali, asiyecheza na mambo ya imani. Siku ya kupeleka mahari tulikwenda na wajomba, na marehemu tukamchukua aje kuchinja. Ng'ombe amekwisha kufungwa miguu, maji yanachemka, ndipo baba mkwe akatoka nyumbani mwake.

"Hiyo jina ya Kiarabu," akasema, "mimi sitaki isemwe kwa ng'ombe yangu. Kwa hii boma tunaita Nasaye. Tunaita Were. Hiyo ingine sijui inaita nani."

Hapo nikaona mke ananiponyoka. Jina lile lisipotajwa, wajomba zangu hawali, na kukataa chakula cha wakwe siku kama ile ni kuwaambia kwamba nyumba yao huitaki. Likitajwa, mzee na kanisa lake lote hawali, na mambo ni yale yale. Mtu mmoja akashauri wachinjwe ng'ombe wawili. Mzee akamkata kauli: sufuria mbili ni harusi mbili, na yeye ana binti mmoja tu wa kuoza leo. Mjomba wangu mkubwa akamvuta mchinjaji kando. "Wewe sema pole pole, ndani ya mdomo. Nani atasikia?"

Marehemu akakataa. Nilisimama karibu, nikamsikia vizuri. "Nikiificha, Mzee ako na haki ya kuiogopa," akasema. Kisha akamwendea baba mkwe, kisu amekiweka nyuma ya mgongo ili mnyama asikione. "Mzee, hii ni boma yako. Omba wewe kwanza, kwa lugha yako, mpaka utosheke. Mimi nitasikiliza. Halafu nitasema yangu kwa sauti, na wewe usikie. Ukiona ni mbaya, nafunga kisu changu naenda."

Mzee akavua kofia, akaomba. Jamani, aliomba! Alimwita Nasaye aliyeumba ziwa, akamwita Were wa babu zake, akahamia Kiswahili akamwita Mungu Baba, akapitia kwa Yehova, akarudi tena kwa Were. Ng'ombe alikuwa akipiga mkia chini. Kila jina lilipotajwa, mchinjaji aliitikia, "Amin." Mwishoni, mzee alipofunga sala kwa jina la Mwokozi wake, mchinjaji alinyamaza, akainamisha kichwa tu. Nilimwona mzee ameliona hilo.

"Sasa sema yako," mzee akasema. "Nisikie kabla hujakata."

"Bismillahi, Allahu Akbar."

Mzee akangoja. Sote tukangoja. "Endelea," akasema.

"Nimemaliza, Mzee."

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu. Kwa jina ya Mungu, Mungu ni mkubwa."

Baba mkwe akamtazama, akamtazama ng'ombe, akavaa kofia yake. "Na mimi nimechosha watu hivi," akasema. "Chinja, bwana. Wageni wana njaa."

Wanawake ndio walioanza kucheka, kisha boma zima. Ini lilipochomwa, mzee alikata kipande akala mbele ya watu wa kanisa lake, halafu akampa mjomba wangu sahani kwa mikono miwili. Mimi nilikwenda nyuma ya ghala nikalia kwa furaha, mwanamume mzima na suti ya kuazima.

Namkumbuka kwa sababu miaka hii ya tisini mambo yamegeuka. Kila Jumapili alasiri vipaza sauti vinashindana mjini, huyu akisema Mungu hasikii akiitwa vile, yule akijibu kwamba akiitwa hivi ndiyo kabisa hasikii. Watu waliokula pamoja utotoni wanachunguliana sahani. Nawasikiliza wahubiri hao, na kinachonishangaza ni kwamba hakuna hata mmoja anayengoja mwenzake amalize.

Ijumaa tulikwenda kutoa pole. Mke wangu akamwambia mjane jinsi mumewe alivyosimama imara siku ile, bila hofu. Mjane alitabasamu, macho yamevimba. "Bila hofu? Huyo alirudi hapa anatetemeka, mama. Aliniambia, leo karibu nivunje ndoa ya watoto wa watu. Chakula hakula mpaka kesho."

Miaka yote hii nilidhani alijua litakalotokea. Kumbe aliogopa kama mimi, na hata hivyo akamwachia mtu mwingine amtaje Mungu wake kwanza, akasikiliza mpaka mwisho. Mengine ya majina ya Mungu nawaachia wenye elimu yao. Mimi najua tu kwamba usikivu huo ndio ulionipa mke.