Mama Mapazia na Pikipiki ya Mkunga

Fimbo ya pazia ndiyo iliyomwaga mayai. Fundi wa mapazia alikuwa amekaa nyuma ya bodaboda, robota la kitambaa mapajani, fimbo amezikingamisha kifuani kama mtu anayetembea juu ya kamba. Dereva alipokata kona ya sokoni, ncha ya fimbo ikapita juu ya meza ya muuza mayai na kufagia trei nzima. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Dereva akasema hayamhusu, kazi yake ni ya mbele, ya nyuma ni ya abiria. Fundi akalipa mayai, akalipa na nauli, akafika kwa mteja amechelewa, na kule mteja akamuuliza kwa ule upole unaouma kuliko matusi:

"Sasa mama, ina maana leo tulale wazi?"

Alikuwa mwanamke mfupi, mnene wa wastani, aliyevuka hamsini bila kuomba ruhusa ya mtu. Tepu ya kupimia haikumtoka shingoni, hata akienda dukani kununua chumvi. Mtaa mzima ulimwita Mama Mapazia. Watoto wake walikuwa wakubwa na wameshaenda na maisha yao, na nyumbani alibaki na mumewe, kinyozi mwenye kibanda cha viti viwili, mtu mpole aliyeogopa vitu vitatu: mbwa, ngazi ndefu, na mkewe akinyamaza.

Jioni ile alinyamaza. Walipomaliza kula ndipo akasema:

"Nanunua pikipiki."

"Ya nani?"

"Yangu."

"Ataendesha nani?"

"Mwenye nayo."

Kinyozi akaondoa vyombo mezani mwenyewe, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, akaenda kuviosha polepole sana.

Kesho yake suala likafika kibandani, na kibanda cha kinyozi ni bunge lisilo na spika. Seremala, kichwa kikiwa kimenyolewa nusu, akasema mama anunue yenye injini kubwa, maana ndogo zinachoka mlimani. Mwalimu mmoja mstaafu akasema asinunue kabisa, anunue kiti kizuri akae. Aliyesema kwa sauti kuliko wote ni mdogo wake kinyozi, muuza vifaa vya simu, mtu wa miaka arobaini aliyekuwa bado anajiita kijana. Yeye alikuwa na pikipiki, kwa hiyo alijihesabu mtaalamu.

"Mpya," akasema. "Shem achukue mpya. Ukinunua mpya, matatizo unayaacha dukani."

Jumamosi akampeleka shemejiye kwenye duka la pikipiki. Ndani kulinukia mpira na rangi. Muuzaji akaanza kuimba sifa za kasi, taa na redio, na alipokuwa bado anaimba, Mama Mapazia alikuwa ameshainama na tepu yake, anapima kutoka sakafuni mpaka kwenye kiti.

"Mama, hii haishonwi," muuzaji akatania.

"Najua. Ila miguu yangu naijua ilipoishia."

Wakambembeleza apande. Akapanda ile nyekundu. Miguu ikabaki inaning'inia kama ya mtoto aliyeletwa kunyolewa kwa mara ya kwanza. Alipojaribu kugusa chini kwa kidole gumba cha kushoto, pikipiki nayo ikaamua kwenda kushoto. Muuzaji akadaka usukani, shemeji akadaka shemeji, na kwa muda wote watatu wakasimama wamekumbatiana kama ndugu waliopotezana.

Bei nayo ilikuwa na kimo chake. Akiba yote ya mama, ile aliyoidunduliza kwa kushona mapazia ya shule, zahanati na nyumba za watu, ingetosha pikipiki hiyo na mafuta ya kuifikisha nyumbani. Ya kujifunzia isingebaki hata senti.

"Shule ya nini, shem?" shemeji akasema walipotoka nje. "Mimi nitakufundisha jioni mbili tatu pale uwanjani. Leseni kuna jamaa yangu. Unampa picha mbili na kitu kidogo, wiki ijayo unayo mkononi. Mtihani wanafanya wasiojuana na watu."

Tusimsingizie utakatifu: mama alishawishika. Alikuwa mtu wa kubana matumizi, vipande vya kitambaa alivishonea mito, na vipande vya vipande alivitia ndani ya mito hiyo hiyo. Akaenda kupiga picha. Siku ya ahadi wakakaa mgahawani, wakaagiza chai, wakamsubiri jamaa.

Jamaa akaingia anachechemea, mkono wa kulia ndani ya plasta kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko.

"Pole, baba! Umepatwa na nini?" mama akauliza.

"Aa, kitu kidogo tu, mama. Pikipiki. Nilikuwa nafunga breki, kumbe naongeza moto. Nikaingia duka la vyombo."

"Lo! Na leseni unayo?"

"Ninayo, tena ya madaraja yote!" Jamaa akajipiga kifua kwa mkono uliobaki. "Kwa leseni yangu naendesha mpaka basi la abiria."

Shemeji akakohoa. Mama akamtilia jamaa sukari, akamkorogea chai, akamlipia, kisha akafungua mkoba na kurudisha picha zake ndani, taratibu, moja baada ya nyingine. Walipofika kwenye daraja, akasimama.

"Shem, na wewe ya kwako uliipata wapi?"

Shemeji akatazama juu. "Leo naona mvua itanyesha," akasema, na jua lilikuwa linawaka kweli kweli.

Hapo mama akakata shauri. Pesa itangulie shuleni. Itakayobaki ndiyo itakayochagua pikipiki, hata ikiwa imetumika, hata ikiwa imefubaa. Shemeji akacheka, akasema atanunua mkweche. Kinyozi hakucheka. Alikuwa amefurahi kimoyomoyo kwamba shule ina mtihani, akiamini mtihani utaimaliza habari yote bila yeye kutia neno.

Shule yenyewe ilikuwa kiwanja nyuma ya ghala la saruji, na mwalimu alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake. Wanafunzi wengine wote walikuwa vijana. Walimwita "bi mkubwa" na kumwachia kivuli. Siku ya kwanza hakuna aliyeendesha. Walifundishwa kuisukuma pikipiki na kuinyanyua ikianguka. Vijana wakanuna. Mama akafurahi, maana kuanguka alikuwa na uhakika nako.

Klachi ndiyo iliyomtoa jasho. Akiiachia, pikipiki inaruka kama chura, inazima. Akiishikilia, injini inalia na safari haipo. Alipoishinda klachi, zikaja koni. Ziliwekwa mstari, upite katikati yake kama nyoka, na mama alizigonga kwa zamu bila kubagua. Kila akigonga moja anasema, "Samahani."

"Mama!" mwalimu akapiga kelele. "Unakoangalia ndiko unakokwenda! Ukiikodolea macho koni, utaifuata koni. Angalia njia!"

Nyumbani akaendelea na masomo. Kinyozi alirudi siku moja akamkuta mkewe sebuleni, amepanda kigoda, amenyoosha mikono na kushika mpini wa ufagio, mguu wa kushoto unakanyaga kifuniko cha sufuria. Mdomoni anatoa mngurumo.

"Mama watoto, vipi?"

"Usinisemeshe. Niko kwenye mataa."

Kinyozi akasubiri taa iwake kijani ndipo akapita kwenda chumbani.

Mwanafunzi mmoja ndiye aliyeleta habari ya pikipiki. Jirani yake, mkunga aliyestaafu, alikuwa anauza ya kwake kwa sababu magoti yamegoma. Ila mwenyewe ni mgumu, akaonya. Vijana wawili walishafukuzwa kwa kuuliza tu inakimbia kiasi gani. Mama akaenda, na kinyozi akamfuata, akisema hataki kuja kuambiwa kwamba hakuwepo.

Mkunga alikuwa mama mrefu aliyeanza kupinda mgongo. Alifunua turubai uani. Pikipiki ilikuwa fupi, ndogo, rangi yake ya bluu imepauka kama shuka lililofuliwa miaka mingi, lakini safi, hata spoki zilifutwa. Kabla mama hajauliza kitu, mkunga akaanza kumuuliza yeye.

"Umejifunza wapi? Haya, ilaze chini uinyanyue."

Mama akailaza, akageuza mgongo, akakaza mapaja, akainyanyua kama alivyofundishwa. Kinyozi alitaka kusaidia. Mkunga akamtuliza kwa jicho moja.

"Mafuta ya injini utabadilisha lini?"

"Kabla hayajawa meusi kama chai ya rangi, dada."

"Panda."

Mama akapanda. Miguu yote miwili ikakanyaga chini, soli nzima, mpaka visigino. Uso wake ukalainika kama wa mtu aliyevua viatu vya kubana. Mkunga akaona. Akaanza kutaja maovu ya pikipiki mwenyewe, bila kubanwa: asubuhi inataka kubembelezwa ndipo iwake, honi imekufa, kiti cha nyuma kimechanika, ila cheni ni mpya na tairi ni nzuri. Wakamwita fundi wa jirani. Akaizungusha, akaisikiliza, akatikisa magurudumu, akasema mambo ni kama mkunga alivyosema.

Bei ikapita mfuko wa mnunuzi kwa kidogo. Wakaingia sebuleni kuongea vizuri, na huko ndiko Mama Mapazia alipoteleza. Macho yake yalikuwa dirishani tangu alipovuka kizingiti, kazi ikamzidi nguvu.

"Lakini dada yangu," akasema, "haya mapazia, ni nani aliyekufanyia ukatili huu? Upande mmoja unafagia sakafu, mwingine haufiki hata chini ya dirisha."

"Nilishona mimi mwenyewe," mkunga akajibu.

Kinyozi alitamani ardhi ipasuke, immeze yeye na kiti alichokalia. Kisha mabega ya mkunga yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka kikubwa mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Mwaka wa ngapi huu watu wanakuja hapa wananisifia!" akasema. "Haya, mdogo wangu, nishonee mengine, ile nyongeza tuifute."

Tepu ikatoka shingoni papo hapo. Waliondoka pale jua limeelekea kuzama, pikipiki inasukumwa na watu wawili, kwa sababu leseni bado.

Mtihani wa kwanza alifeli, na aliyemfelisha ni kinyozi. Alama za barabarani alizijibu zote. Breki sawa, kona sawa. Ilipofika zamu ya kuchora namba nane kwa pikipiki, akamwona mumewe amesimama kwenye uzio wa waya, amejifunika uso kwa mikono yote miwili kama anayesubiri msiba. Mama akamtazama. Akaendelea kumtazama. Na kwa kuwa unakoangalia ndiko unakokwenda, aliiacha namba nane njiani, akaenda moja kwa moja hadi kwenye uzio, akasimama kistaarabu mbele ya mumewe.

"Umekuja kufanya nini hapa?" akamuuliza.

"Kukutia moyo," kinyozi akajibu kutoka nyuma ya viganja.

Mtahini akaandika anachoandika. Ada ya kurudia mtihani ikala pesa ya honi. Usiku ule mama alilia kidogo, kinyozi akamsikia, na hapo ndipo aibu ilipomwingia. Asubuhi akatoa kwenye droo ya kibandani pesa aliyokuwa anaiwekea mashine mpya ya kunyolea, akaiweka mezani kando ya chai.

"Ya kofia ngumu," akasema. "Nzuri. Usinunue ya bei rahisi ukapasua kichwa ninachokijua."

Mara ya pili alikwenda peke yake. Namba nane ikatoka nene, nzuri, na mtahini akamwambia, "Hongera, mama, ila kule kwenye koni hukuwa na haja ya kusema samahani, hukuigonga." Ni mazoea tu, mama akamjibu.

Tangu hapo fimbo zikalazwa ubavuni mwa pikipiki, zimefungwa kwa mikanda aliyoishona mwenyewe, na kitambaa chekundu mwishoni ili wa nyuma wajue. Aliendesha polepole. Watoto wa baiskeli walimpita na kumpungia mkono, naye hakuwapungia, maana mikono yote ilikuwa kazini. Lakini alifika. Alikuwa anafika kabla mteja hajaanza kuchungulia njia, na kazi za mitaa ya mbali, zile alizokuwa akizikataa, zikaanza kuingia.

Kinyozi alichukua muda mrefu kupanda. Kila siku alikuwa na sababu: leo mguu, leo upepo, leo anataka kunyoosha viungo. Mpaka asubuhi moja mawingu yakakaa vibaya, na wateja walikuwa wameshapiga simu mara mbili kumuuliza yuko wapi. Akatoka uani amekumbatia mfuko wa mashine zake, akavaa kofia ya pili, akapanda nyuma, akamkumbatia mkewe kiunoni mpaka pumzi ikampungua.

"Polepole!" akapiga kelele. "Polepole, mama watoto! Utatuua!"

"Baba watoto, sijawasha."

Ikabembelezwa, ikawaka, wakaenda. Kinyozi alitoa maelekezo njia nzima, na kelele ya injini ikamsaidia mama kutosikia hata moja. Walipofika, wateja walikuwa wamekaa kwenye benchi nje ya kibanda. Kinyozi akashuka, akavua kofia, akanyoosha shati.

"Barabara leo nzuri," akawaambia, akitafuta funguo. "Tumekuja taratibu tu, ila tulikuwa na uwezo wa kukimbia."

Mama Mapazia alikuwa ameshageuza pikipiki. Kulikuwa na madirisha manne yanamsubiri upande wa pili wa mji, na mvua ilikuwa haijaanza.