Vimekua, Vimekufa

Kazini walimwita Mama Panya, naye aliitika. Miaka ishirini na mitatu alilisha panya weupe wa maabara, akabadilisha maranda ya vizimba, akajua jike yupi mkali na yupi mvivu. Shule hakumaliza. Mumewe, ambaye hata hakuianza, alimtania: "Wenzako wanafuga ng'ombe."

"Na ng'ombe wako wako wapi, baba? Nionyeshe hata mkia."

Mwaka mmoja ugonjwa uliingia chumba cha panya. Wale wenye masikio ya kijivu, aliowalea tangu bibi zao, wakaisha wote. Vikabaki viinitete kumi na viwili, mimba changa za seli nane nane, vidogo kama vumbi, vilivyogandishwa zamani ndani ya mtungi wa naitrojeni, kimiminika cha baridi kali. Mtungi huo aliujaza yeye kila Jumatatu. Visipoamka, ukoo umekwisha.

Daktari wa maabara, binti wa rika la kitindamimba wa Mama Panya, akaviyeyusha asubuhi. Vingine vilikuwa na seli mbili tatu zilizopasuka kwa barafu. Akaviweka kwenye kisanduku cha joto. Kesho yake adhuhuri akachungulia kwenye hadubini, akanywea. Viinitete visivyoonja barafu, kufikia saa hiyo, huwa vimefanya uwazi wa maji katikati. Hivi vilikuwa vimejikunja tu kama ngumi.

Daftari lake lilikuwa na safu mbili: vimekua, vimekufa. Akashika kalamu.

"Mama, naandika vimekufa."

"Umeviona vimeoza?"

"Hapana."

"Vimekua?"

"Havijakua."

"Basi bado."

"Mama, hakuna safu ya bado."

"Rula hiyo hapo. Piga mstari."

Daktari akacheka bila kupenda. "Na jike niliyemwandaa avibebe? Leo ndiyo siku yake. Ikimpita, hatashika."

"Yupo mwingine, aliyepandwa usiku wa juzi na dume wetu asiyezalisha. Jana asubuhi nilimkagua, alama ya kupandwa anayo. Mwili wake unadhani una mimba. Huyo yuko nyuma siku moja; ataendana na wachelewaji wako. Mwanangu, mtu akitoka kwenye baridi kali, unamdai salamu papo hapo?"

Daktari akapiga mstari wa tatu.

Jioni ile nyumbani Mama Panya hakugusa chakula. Mumewe alimfunikia sahani.

Asubuhi yake, viinitete saba vilikuwa vimefunguka katikati, vinang'aa. Vitano vilisambaratika, vikaandikwa vimekufa, na Mama Panya hakubisha. Cha kweli ni cha kweli. Vile saba vikaingizwa tumboni mwa yule jike wa pili.

Siku ya kumi na saba tangu hapo alifunua kiota kwa kidole, akakifunika upesi. Akampigia Daktari simu.

"Una wajukuu, bibi wewe!"

"Wangapi?"

"Wanne. Mmoja kadogo kabisa, lakini kananyonya kama kanalipwa."

Daktari akalia kwenye simu. Mama Panya akamwacha alie, mkono mmoja juu ya kizimba.

Nyumbani alimwonyesha mumewe ukubwa wao kwa ncha ya kidole.

"Hicho ndicho kilichokukosesha kula siku ile?"

"Hicho hicho."

Akala sahani mbili. Akajinyoosha kitandani mara moja tu, eti apumzishe mgongo, akalala fofofo na koti la kazi mwilini. Mumewe akamvua viatu. Hakumwamsha.