Kipimo cha Unyevu Kwenye Kona

Kanisani Brooklyn Center nilisema nafanya kazi ya maua. Haukuwa uongo. Bangi inayouzwa kihalali madukani huku ni ua la mmea, na hata kwenye pakiti imeandikwa hivyo. Mama mmoja wa kamati ya harusi akaniuliza kama ningewapatia maua ya meza kwa bei ya undugu. Nikamwambia maua yetu hayafai harusi. Akaniona mchoyo.

Kabla ya kuja Minnesota nilikuwa nakuza waridi Naivasha, kwenye zile nyumba za plastiki. Ndiyo sababu meneja wa kampuni ya bangi aliniajiri kwenye ghala lao la Saint Paul, ambako bangi inakua ndani, chini ya taa, theluji ikianguka nje. Alisema waridi na mmea huu huugua magonjwa yaleyale. Hapo alisema kweli.

Kila chumba kilikuwa na kipimo cha joto na unyevu kinachoning'inia juu ya mimea, na namba zake zilifika kwenye simu ya fundi wetu. Fundi alikuwa binti wa familia ya Wakongo, walioletwa hapa kama wakimbizi akiwa mdogo. Aliniita papa. Mimi nilimwita dada, ingawa ningeweza kumzaa.

Asubuhi moja alinikuta kwenye kona ya chumba cha nyuma.

"Papa, juu ya nini unasimama hapa kila asubuhi?"

Sikuwa najua kwamba nasimama hapo kila asubuhi.

"Hewa ya hapa imelala," nikamwambia.

Akatazama simu. "Namba ziko sawa."

"Zinapimwa wapi?"

Akaelekeza kidole katikati ya chumba, mbali na tulipokuwa. Kisha akanigeukia. "Hiyo hewa unaisikia wapi? Kwa mwili, nauliza."

Naivasha hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Ilibidi nifikiri. "Nyuma ya masikio. Na jani nikilishika ni laini kupita kiasi, kama nguo iliyoanuliwa kabla haijakauka."

Hakucheka. Alienda akaleta kipimo kingine, akakifunga kwa utepe kwenye nguzo, usawa wa masikio yangu. Alinipima kwa macho kwanza, kama fundi cherehani.

Kesho yake alinionyesha grafu. Taa zilipozimwa, unyevu wa kona ile ulipanda na kukaa huko juu mpaka taa zilipowashwa tena. Rafu mpya ilikuwa imeziba upepo wa feni. Tukainama kuangalia majani ya chini, na ugonjwa wa ubwiri unga ulikuwa umeshafika, mweupe kama unga wa ngano uliomwagika. Meneja alikuja, akatazama grafu, akaamuru rafu ihamishwe siku hiyohiyo. Habari za kona ile nilikuwa nimeshamwambia wiki iliyotangulia. Sikumlaumu. Hata mimi nilijiamini zaidi nilipouona ule mstari.

Mimea ya safu ile tuliing'oa yote, tukaipima uzito, tukaiharibu kama sheria inavyotaka. Nilikuwa nimeikuza tangu ikiwa vipandikizi. Niliendesha gari mpaka nyumbani Burnsville bila kuwasha redio. Mke wangu aliniambia nivulie nguo gereji, kama kawaida, harufu isiingie ndani, halafu akaniuliza nani amekufa.

Baada ya hapo fundi akaanza kunifuata vyumbani. Popote niliposimama, alifunga kipimo. Nami nikaanza kujiona mtu wa maana. Nilikuwa nikisimama mahali, namngoja afike na utepe wake.

Kulikuwa na pahali pamoja kwenye ujia, karibu na mlango wa stoo, ambapo miguu ilinipeleka kila siku. Nikamwambia pana jambo. Akafunga kipimo, tukangoja karibu wiki nzima. Siku aliyokuja kukifungua alisoma namba zote taratibu, kisha akainua uso kuangalia dari. Juu yangu kulikuwa na tundu la bomba la hewa ya moto.

"Papa," akasema, "hapa joto ni muzuri tu."

Akakunja utepe, akaondoka na kipimo chake. Nje baridi ilikuwa ya kukata masikio. Asubuhi iliyofuata nilimkuta amesimama palepale na kikombe cha kahawa, macho ameyafumba. Akasogea kidogo, nami nikapata nafasi.