Verlyn Pagel Hakungoja

Verlyn Pagel hutengeneza mashine za kukamulia ng'ombe hapa bondeni kwetu, Wisconsin. Kila vuli huwafundisha wawindaji wapya kupiga kulungu kwa upinde. Fundisho lake kuu ni fupi: mshale ukipita tumboni, nenda nyumbani ukalale. Mnyama asiyefukuzwa hufia karibu.

Misimu mitatu mfululizo alirudi mikono mitupu. Novemba hii, jua likielekea kuzama, dume lenye pembe pana lilipita chini ya ulingo wake. Akaachia mshale. Mshale aliouokota ulinuka uchafu wa utumbo. Anga lilikuwa safi, na baridi ingeitunza nyama hadi asubuhi. Hakuwa na kisingizio. Hata hivyo alishuka, akafuata damu. Dume likainuka mbele yake, likaruka ua wa waya na kupotelea katika msitu wa Arlys Brandvold.

Kulipokucha alinipitia, tukaenda kubisha kwa Arlys, mjane mwenye mbwa wa kunusa damu.

"Naomba tupite kwako, Arlys. Nimejeruhi dume."

"Ingieni, mnanimalizia joto. Umempiga wapi?"

"Tumboni."

"Ukangoja?"

Verlyn alitazama buti zake. "Sikungoja."

"Loo! Mwalimu mzima! Angekuwa mwanafunzi wako, si ungemsema mpaka Krismasi?"

"Ningemsema."

Mbwa alituongoza sote watatu hadi kijitoni. Mbweha walikuwa wametangulia; walibakiza kichwa na mbavu. Verlyn alivua kofia.

Sheria haikumlazimu kuuhesabu mzoga ule kuwa kulungu wake wa mwaka, na msimu ulikuwa bado mrefu. Lakini desturi ya bonde letu ni moja: ukimwaga damu ukapoteza nyama, mwaka wako wa kuwinda umekwisha.

"Sisi hatutamwambia mtu," Arlys alisema, akimfunga mbwa kamba.

Verlyn alitoa kibali chake cha kulungu, akakifunga kwenye pembe; kikishafungwa, hakitumiki tena.

"Haya, ni mwaka mmoja tu," Arlys akasema kwa upole. "Marehemu mume wangu alipoteza miaka miwili, na bado nilimpikia."

Verlyn alivaa kofia yake, tukarudi.

Jumamosi, kwenye duka la chakula cha mifugo, mtu alimpigia kelele kutoka kwenye meza ya kahawa: "Mwalimu! Nimesikia umefunga kibali. Soseji zetu za kulungu ziko wapi?"

Ningeweza kumjibia. Verlyn aliniwahi.

"Zimeliwa na mbweha," Verlyn alisema. "Nilimpiga tumboni, na sikungoja."

Kisha yule mtu akamvutia kiti, akammiminia kahawa. Verlyn aliinywa bila kuinua macho.