Nilivyomtania Asiye Mtani Wangu

Cheka tu, mwenzangu, maana hata nikikukataza utacheka, na Kibiti walishacheka wote, waliokuwepo na wasiokuwepo, mpaka leo nikipita sokoni kuna muuza tumbaku mmoja hujilaza chali akajifunika gunia, nami hupita kama sikumwona.

Mwingereza alikuwa bado yupo, boriti za mikoko zinakatwa kwa kibali cha bwana misitu, na mimi nilikuwa kijana wa kusoma dini niliyetunga kijitabu juu ya swala ya mkata boriti: wakati umeingia, mtu yumo topeni mpaka magotini, maji yanajaa, atatawadha vipi na atasujudu juu ya nini? (Hakuna aliyeniuliza, lakini nilijiona nimeuokoa umma.) Ili nipewe ijaza, yaani ruhusa ya kufundisha, ilibidi nikitetee kijitabu hicho mbele ya masheikh wawili, pale barazani msikitini Kibiti, kila mtu akisikia. Watu wa Mbwara walikuwa wameshanijengea chuo, wakaja wakakaa mbele kabisa, na walishasema wazi kwamba nikishindwa wanamchukua mwalimu wa Ikwiriri.

Masheikh wenyewe, mmoja alikuwa Maalim Saidi, mpole, anasinziasinzia. Wa pili, Sheikh Athumani, aliyekuja kutoka Liwale, ndiye ugonjwa. Anauliza, ukijibu anakuuliza kwa nini, ukieleza kwa nini anakukazia macho mpaka unalikana jibu lako mwenyewe. Asubuhi ile rafiki yangu Mfaume alininong'oneza, "Usiogope, mmoja wao Mngindo. Akikubana, mtanie." Sasa mimi ni Mndengereko, na Wangindo ni watani zetu, unamtukana, unamnyang'anya kitu chake mpaka akikomboe, na hana ruhusa ya kukasirika, na ukifa ndiye anayekushughulikia, na Liwale ndiko kwao Wangindo, sasa ningeuliza nini tena? (Ningeuliza ni yupi. Neno moja tu.)

"Tope la mikoko ni twahara?" akaanza Sheikh Athumani.

"Twahara, sheikh."

"Kwa nini?"

Nikaeleza vizuri tu.

"Na kaa akifia humo?"

Kaa sikumwandika.

"Umetunga kitabu cha mikoko kisicho na kaa," akasema, akakifunga kijitabu changu kama mtu aliyemaliza kula.

Nikawaona watu wa Mbwara wanatazamana, nikaona chuo changu kinakwenda Ikwiriri hivi hivi, ndipo nikakumbuka maneno ya Mfaume. Nikasema kwa sauti ya kusikika, "Kaa umemjulia wapi wewe, Mngindo wa porini, ninyi si mkiona dimbwi mnapandisha kanzu mkidhani mmefika baharini?" Na ili utani ukamilike nikanyoosha mkono, nikamvua kofia, nikaivaa mimi, nikamwambia asipotoa kuku haioni tena.

Hakucheka mtu. Nikadhani hawakusikia, nikarudia.

Sheikh Athumani, upara wazi, akasema taratibu, "Mimi nimezaliwa Nyamisati, mikokoni. Baba yangu alikuwa mkata boriti. Liwale nilikwenda kusomesha."

Kofia iko kichwani kwangu, mikono imekataa kuitoa. Mzee mmoja wa Mbwara akaanza kutafuta viatu vyake. Hapo Maalim Saidi, niliyedhani amelala, akainuka. "Mngindo ni mimi," akasema, "na huyu mnaona wenyewe ameshakufa. Maiti wa mtani wangu namshughulikia mimi." Akairudisha kofia kwa mwenyewe, akanilaza chali, akanifunika jamvi, akawauliza watu wa Mbwara kama marehemu ameacha chochote. Baraza zima likaangua kicheko.

Kisha nikamsikia Sheikh Athumani juu yangu. "Kama amekufa, basi maiti huulizwa maswali kaburini. Kaa akifia topeni?"

Wallahi, mle gizani, bila yale macho, jibu likaja lenyewe. "Maji ya kujaa ni mengi, sheikh, kaa mmoja hayabadilishi rangi wala harufu."

"Na harufu ya tope?"

"Hiyo maji yameikuta palepale, haihesabiwi."

Akauliza mengine mengi, nikajibu yote, ingawa vumbi la jamvi lilinipigisha chafya katikati ya hoja.

Ijaza nilipewa. Aliisoma yeye mwenyewe mbele ya watu, nami nimekaa na majani ya jamvi kichwani: anaruhusiwa kufundisha twahara, swala na funga, ila mlango wa adabu hana ruhusa nao, akiufikia atafute mwalimu.

Mbwara walinichukua hivyo hivyo. Nami nimeapa simtanii mtu mpaka nimemuuliza kabila lake yeye mwenyewe, na la baba yake pia. Lakini ijaza haikubadilishwa, kwa hiyo kila wanafunzi wangu wakifika mlango wa adabu namwita Maalim Saidi kutoka Kibiti, anakaa mahali pangu, mimi nakaa chini pamoja na watoto, na mfano wa kwanza anaowapa ni mimi.