Sina, Mzee, Lakini Nimekuja

Siku moja ya gulio pale Kasulu, naikumbuka kama jana ingawa jana yenyewe siikumbuki vizuri, nilitua debe la asali kutoka kichwani, shingo imezama mabegani kama ya kobe, nikainua macho nikaiona baiskeli. Nyeusi, mpya, keria pana nyuma, imeegemezwa ukutani ndani ya duka la Mzee Mrisho. Huyu Mzee Mrisho alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya Ujiji, mtu wa kanzu na kofia, na ndiye aliyekuwa akinunua asali yangu.

Nakuandikia hili, mjukuu wangu, kwa sababu nimesikia umeomba pikipiki ya mkopo, wakakuambia hujulikani, ukarudi nyumbani umenuna. Mimi shule niliishia darasa la pili, hivyo mwandiko ukiyumba nivumilie. Lakini neno hilo la kutojulikana niliambiwa kabla baba yako hajazaliwa.

Mimi na baiskeli kilichotukutanisha ni nyuki. Miaka ile watu walikuwa wanahamia vijiji vya ujamaa, na sisi tukahamia Makere, kando ya barabara. Mizinga ya marehemu baba ikabaki porini tulikotoka, mwendo wa kuanzia alfajiri hadi adhuhuri. Mizinga arobaini ya magome ya miti. Mzinga usipotembelewa huanguka, siafu huingia, na nyegere huupasua. Nyegere ni mnyama mdogo lakini haogopi nyuki wala mkuki. Niliwahi kumtupia gogo, akaniangalia tu kama mwalimu anavyomwangalia mtoto mjinga. Basi kwa miguu nilikuwa nikifika porini mara chache, na kila safari narudi na debe moja tu. Mama alikuwa akiniambia, "Baba yako hakuacha ng'ombe. Aliacha ile mizinga. Ikiisha, atakuwa amekufa mara ya pili." Kila mwezi ilikuwa inapungua.

Kwa hiyo nikamwambia Mzee Mrisho anipe ile baiskeli, nimlipe kwa asali misimu miwili. Nikajipiga kifua, maana kwetu Waha mtu asiyedaiwa hutembea katikati ya njia. Nikasema, "Mzee, tangu nizaliwe sijawahi kudaiwa na mtu."

Nilidhani atafurahi. Akatikisa kichwa.

"Basi sikujui, Minani," akasema. "Mtu ambaye hajawahi kukopa, nitajuaje kama hulipa?"

Nikakasirika, mwanangu, nikaona ananifanyia hila za watu wa mjini. Yeye akaingia ndani, akaniletea madebe mawili matupu yenye mifuniko mizuri. Akasema niyachukue, nimlipe gulio la tatu, si la nne. Na kama kuanzia siku hiyo hadi msimu mwingine wa asali sitapitisha hata siku moja ya ahadi, tutazungumza habari ya baiskeli. Akamwambia msaidizi wake aifunike gunia, vumbi lisiingie kwenye mnyororo.

Haba na haba hujaza kibaba. Madebe nikayalipa gulio la tatu. Nikachukua panga, nikalipa. Nikachukua blanketi la mama, nikalipa siku moja kabla, mvua inanyesha, nimelowa kama kuku. Kila nikifika nachungulia lile gunia. Mzee Mrisho hakunisifu hata mara moja, ila alianza kuniuliza hali ya nyuki kwanza ndipo aulize habari ya asali, nami nikajua kuna kitu kinaota.

Sasa ngoja nikueleze upumbavu wangu, maana mficha maradhi kifo humuumbua.

Mara ya nne nilikopa suruali. Ndiyo, suruali. Ile waliyoiita bugaluu, pana chini hata ungeweza kuficha vifaranga kila mguu. Kulikuwa na harusi kijiji cha Titye, na mimi nilitaka wasichana wa Titye wanione. Waliniona. Nilikaa kule siku tisa, nacheza ngoma, nafagia vumbi kwa suruali ya deni. Nilipofika porini, nyegere alikuwa ameshafanya harusi yake. Mizinga sita chini, imepasuliwa, masega yamesagwa na udongo. Nilikaa juu ya kisiki nikalia, nikiwa nimevaa bugaluu.

Siku ya ahadi ikafika, sina cha kutosha kulipa. Na hapa ndipo nilipokosea kuliko kule Titye. Nilikwenda Kasulu na asali nusu debe, lakini sikupita mbele ya duka. Kuna kijia cha bondeni nyuma ya soko. Nikapita huko nimeinama, nikaiuza ile asali kwa mtu mwingine kwa bei ya kutupa. Gulio lililofuata hivyo hivyo. La tatu pia. Kwetu ni aibu kumwendea mtu mikono mitupu, hata kwa jirani huendi bila kitu, sembuse kwa anayekudai. Nikajiambia ninalinda heshima.

Baba mdogo, Nyandwi, ndiye aliyeniona ninavyokonda. Akanishauri kama wazee wetu walivyofanya: mtu haombi radhi kwa maneno matupu, huenda na pombe ya ndizi. Akanipikia nzuri, ya siku tatu, akaifunga kwenye kibuyu kwa majani ya mgomba. Nikakibeba kwa heshima zote mpaka Kasulu. Nikaingia dukani saa sita mchana, wateja wamejaa, nikapiga goti, nikakiweka kibuyu mbele ya Mzee Mrisho.

"Ni nini hiki, Minani?"

"Ni radhi, mzee."

Harufu ikaenea. Kisha mteja mmoja akasema taratibu, "Jamani, huyu Muha kaja kutufuturisha saa sita."

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, mwanangu. Nimempelekea mtu wa dini, mwenye swaumu, kibuyu cha pombe. Si mimi wala baba mdogo aliyekumbuka. Watu walicheka mpaka mmoja akakalia gunia la chumvi. Mzee Mrisho mwenyewe alivua kofia akajifunika mdomo. Mimi nilitamani nyegere atokee animalize.

Kicheko kilipokwisha, aliagiza kibuyu kitolewe nje, akaniinua kwa mkono. Sauti yake haikuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

"Umenikosea mara mbili, na hili la kibuyu ndilo dogo. Asali kupungua hunitokea hata mimi. Mali huja na kuondoka. Lakini kijia cha bondeni, Minani, hicho umekichagua mwenyewe. Mara tatu nilikuona kutoka dirishani. Nilikuwa nakungoja uniambie huna."

Nikamuuliza kama ile baiskeli nimeshaipoteza.

Akasema hajui. Akasema nije kila gulio, nipite mlango wa mbele, nikiwa na kitu au sina. Nisilete kibuyu, nisilete hadithi. Nije tu.

Basi nikaenda. Gulio la kwanza nimesimama mlangoni, wateja wananitazama, nikasema, "Sina, mzee, lakini nimekuja." Akajibu, "Karibu, nimekuona," akaendelea kupima sukari. La pili hivyo hivyo. La tatu, kabla sijafungua kinywa, yule mteja wa futari akatangaza, "Bwana Sina amefika." Jina hilo lilinikaa mwaka mzima, mpaka Makere walilipata. Ulimi unaosema sina mbele za watu ni mzito kuliko debe la asali, usikubali mtu akudanganye. Lakini niligundua kitu: nikishasema, nilirudi nyumbani nimenyooka. Na nikilala nalala. Ikifika alfajiri nakwenda porini, bugaluu nimeiacha kwa mama aikate ashone mifuko ya kuchujia nta.

Mvua zilipokatika miti ikachanua, nyuki wakafanya kazi. Nikalipa suruali yote. Siku hiyo Mzee Mrisho aliondoa gunia.

Nikamwambia, mzee, lakini nilipitisha ahadi. Akasema, "Zile mara ulizolipa kwa siku yake zilinionyesha kwamba una asali. Hizi ulizokuja huna kitu zimenionyesha kwamba hata ukikosa, nitajua mahali ulipo." Akanikabidhi usukani.

Na mimi, mwanangu, sikujua kuendesha. Mwaka mzima naililia baiskeli, hata siku moja sikufikiri habari ya kujifunza! Niliikokota kwa mkono kutoka Kasulu mpaka Makere, napiga kengele kila nyumba, na mama alipoisikia akatoka na mwiko mkononi. Nilijifunza wiki ile kwa kuanguka. Mizinga ishirini na tisa ndiyo niliyoikuta hai, na kwa hiyo ishirini na tisa nililipa baiskeli, nikamwoa bibi yako, nikafikisha asali hadi Kibondo. Ndiyo, bibi yako ni wa Titye. Anasema alinikubali licha ya ile suruali.

Basi ukirudi kwa watu wa mkopo, usiende na kifua. Omba kidogo kwanza, kitu ambacho hata kikikushinda hakitakuua, ukirudishe kwa siku yake, kisha uombe kingine. Chombo unachokopa kiwe cha kukulisha, kisiwe cha kukutembeza harusini. Na siku utakayopungukiwa, maana itafika, usipite bondeni. Dawa ya deni ni kulipa, sawa, lakini kabla ya dawa kuna kumwona mganga: nenda mbele ya mlango, sema huna, na useme lini. Watakucheka. Wacha wacheke, mimi nilichekwa na duka zima, nikatoka na baiskeli.

Imana, Mungu wetu Waha, akupe miguu isiyoogopa mlango wa mbele, akupe mikono inayorudisha, na akuepushe na nyegere wa kila aina. Ukiipata hiyo pikipiki, ukifika njia panda ya Makere piga honi. Nitatoka na mwiko.